Ukuta, Maji na Miembe ya Maruhubi

Katika visiwa na mwambao wa Ziwa Victoria, kisiwa cha Mfangano kikiwemo, boma la jadi lilizungushiwa ua wa mnyaa, yaani mmea wenye utomvu mweupe unaopandwa kwa vipande vya matawi na kukua ukawa kizuizi hai, na aliyelelewa ndani ya ua huo hujua kwamba mpaka wa makazi ndio unaoeleza nani anakaribishwa na nani anazuiwa. Kwa jicho hilo inafaa kuikumbuka bustani ya kasri la Maruhubi, iliyoko takriban kilomita 4 kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, kwa sababu humo mpaka ndio uliobadilika kuliko kitu kingine chochote.

Kasri hilo lilijengwa na Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na likakamilika mwaka 1882 likiwa makazi ya wanawake wa nyumba yake, wakiwemo masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na bwana wao. Barghash alikuwa amekwisha kuishi uhamishoni Bombay baada ya uasi wake wa 1859 kushindwa, kisha mwaka 1875 akazuru Uingereza, na wengi huuhusisha ukuta mkubwa wa mawe uliozunguka Maruhubi na kuta za mashamba ya kifahari aliyoyaona huko. Kwa Mwingereza tajiri ukuta wa namna hiyo ulizingira nyasi pana na miti iliyotawanyika ili jicho lipate kutembea mbali. Unguja ukuta ulipewa kazi ya sitara, yaani kuwafunika wanawake wasionekane na wapita njia. Umbo lilitoka Magharibi, lakini maana yake ilibaki ya Mashariki, na hapo ndipo penye ustadi wa kweli wa Maruhubi, kwani kuchanganya mitindo bila kujua kila kipande kinatumikia nini ni kuiga tu.

Ndani ya ukuta maji yaliletwa kwa mfereji wa mawe hadi kwenye matangi, yakalisha hamamu, yaani nyumba ya kuogea ya mtindo wa Kiajemi yenye vyumba vya joto, pamoja na mabwawa yaliyoota yungiyungi. Nguzo nene za matumbawe na chokaa zilibeba baraza ya juu, na kuizunguka nyumba ilipandwa miembe, mti uliotoka Bara Hindi na kuzoea udongo wa Pwani hata watu wakasahau kuwa ni mgeni.

Mwaka 1899 moto uliteketeza kasri, likasalia gofu, na baadaye marumaru ya hamamu yakaibwa. Mji nao uliona mwelekeo kama huo wa mipaka kufunguka, kwa kuwa bustani nyingine ya Barghash ilifunguliwa kwa umma na Sultan Hamoud ikapewa jina la Malkia Victoria, malkia yule yule ambaye mpelelezi Mwingereza Speke, mwaka 1858, alilipa jina lake ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe.

Leo hata mgeni huingia Maruhubi, hupita kati ya nguzo zisizobeba chochote, na hupumzika kwenye kivuli cha miembe, huku ufukweni jirani mafundi wakiunda majahazi.