Dokta Kasema "Met...", Sie Tukamalizia!

Msomaji wangu, ukimwona msichana kakaa mbele ya kompyuta, feni inampepea na kikombe cha chai ya rangi kiko pembeni, usidhani anaponda raha tu. Mie nilikaa hivyo miezi minane pale Kibaha, kwenye zahanati ya mtu binafsi ambayo jina lake naliacha. Na kuna siku nilitoka pale mbio, mvua inanyesha, kandambili moja mguuni na nyingine sijui ilibaki wapi, mpaka kituo cha daladala cha Maili Moja. Watu wakadhani nimeibiwa. Subiri, nitafika huko.

Kibarua chenyewe nilikipata kwa bahati. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa yale ambayo baba anayasoma mara moja, anakunja karatasi, halafu anauliza chakula kimeiva. Nikaenda kujifunza kuchapa kwa dada mmoja mwenye duka la fotokopi, na kwa kuwa vidole vyangu ni vyepesi, haukupita muda nikaitwa zahanati.

Dokta wa pale ni mzee mstaafu. Mkono wake umechoka kuandika, na kompyuta hataki hata kuikaribia. Kwa hiyo akishamwona mgonjwa anashika simu yake na kuizungumzia kama anayempa mtu habari: mgonjwa ana nini, amepimwa nini, anatumia dawa gani, apelekwe wapi. Sauti ile inatumwa kwangu, naitia masikioni, nachapa. Barua za rufaa za kwenda Tumbi au Mloganzila, maelezo ya wagonjwa wa bima, vyeti vya kuumwa. Nikimaliza namwekea mezani, anatia sahihi, mambo yamekwisha.

Huko Marekani na Uingereza kazi hii ina wenyewe. Kabla ya kompyuta kujifanya zinasikia, kulikuwa na majeshi ya watu, wengi wao akina mama, waliokuwa wakichapa sauti za madaktari kutoka kwenye kaseti. Wamarekani mwaka 1978 walianzisha mpaka chama chao. Baadaye sauti zikawa zinasafirishwa hadi India na Ufilipino, zinachapwa huko na kurudishwa. Sie kwetu Pwani tulikuwa chama cha watu wawili: mimi Kibaha na shoga yangu Kisarawe.

Huyu shoga tulikaa naye dawati moja. Yeye alipata kibarua kama changu huko Kisarawe, kule juu ukishaupita msitu wa Pugu, ambako asubuhi za mwezi wa saba watu wanavaa masweta wakati Gongo la Mboto wanajipepea. Daktari wake ni kijana, anaongea kama mtangazaji wa mpira dakika ya tisini. Wangu anaongea polepole lakini anakula karanga. Juu ya hilo, r na l kwake ni ndugu wa tumbo moja, hajali ametoka nani na amebaki nani. Sasa we fikiria neno "losatani" likipita kwenye mdomo wenye karanga!

Maneno ya kawaida hayakutusumbua. Kikohozi ni kikohozi, kuharisha ni kuharisha. Tatizo lilikuwa majina ya dawa. Kwanza, dawa moja ina majina mawili au zaidi. Kuna jina la kampuni na kuna jina la dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilianza kutoa orodha ya majina ya dawa yanayotumika dunia nzima mwaka 1953, lakini nani mtaani anasema parasetamoli? Watu wanasema Panadol. Flagyl ndiyo metronidazoli, Lasix ndiyo furosemidi, na Piriton ina jina refu ambalo sina nafasi ya kuliandika hapa. Dokta wangu alikuwa akichanganya yote katika sentensi moja, na siku nyingine akitaja hata dawa za enzi zake. Klorokwini Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaja SP, kisha mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Lakini mzee akikumbuka mgonjwa wa zamani, klorokwini inarudi na mimi nashangaa.

Pili, majina yenyewe yanafanana kama mapacha. Klopromazini ni ya wagonjwa wa akili, klopropamidi ilikuwa ya kisukari. Sikiliza tena: klopromazini, klopropamidi. Tofauti iko kwenye mkia tu, na mkia ndio Dokta anaoumeza pamoja na karanga. Wala sio sisi wa Kibaha tu tunaopotea. Huko Marekani kulikuwa na dawa ya tumbo inaitwa Losec, watu wakawa wanaichanganya na Lasix, ile ya kutoa maji mwilini. Ikabidi mwaka 1990 ibatizwe upya na kuitwa Prilosec. Ehee, halafu wakaanza kuichanganya na Prozac, ambayo ni ya sonona! Maskini wabatizaji.

Basi tukawa tunapigiana simu. "Shoga, nina dawa inaanza na 'ate', inaishia na 'lo'." "Presha?" "Ndiyo presha." "Atenololi hiyo, andika." Tukafungua madaftari, kila mmoja na lake, tukaanza kugundua kwamba mikia ya majina ni koo. Zinazoishia na "ololi" ni ukoo mmoja, nyingi utazikuta kwa watu wa presha na moyo. Zenye "prili" kama kaptoprili ni ukoo mwingine wa presha, na "satani" vilevile. (Shoga yangu ni mtu wa kanisani, hilo la mwisho alikuwa analiandika huku anajikemea.) Zenye "silini" ni za kuua vijidudu. Tukajiona tumekuwa wataalamu. Nyumbani mama yangu akiumwa kichwa ananiuliza mimi, nami nakunja nne najibu.

Siri za wagonjwa tulizichunga, hilo nalisema mapema kabla hujaninyooshea kidole. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, Kibaha sio kubwa kihivyo. Ukitaja jina la mtu na ugonjwa wake asubuhi, jioni anakusubiri njiani. Tulikuwa tunasomeana sentensi bila jina, bila mtaa.

Swali ambalo najua unalo ni hili: kwa nini usimuulize Dokta mwenyewe, yuko chumba cha pili? Nakujibu kweli tupu. Niliogopa. Wiki yangu ya kwanza niligonga mlango wake mara tatu kwa barua moja. Mara ya tatu akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Binti, kwani ulisoma wapi?" Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kwa mtu mwenye matokeo kama yangu, swali lile lilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mifupa. Tangu siku hiyo nikaona bora nimpigie shoga Kisarawe, maili kadhaa, kuliko kupiga hatua sita mpaka mlango wa Dokta.

Sasa ile siku. Mwezi wa nne mwaka 2023, masika, bati la zahanati linapigwa na mvua mpaka husikii mtu anayekuita. Kaja mama mmoja mtu mzima, kafuatana na mjukuu, mguu wake una kidonda kilichokataa kupona. Ana kisukari. Dokta akaona apelekwe Mloganzila siku hiyohiyo. Akaisema barua kwenye simu. Nikaitia masikioni, nikafika mahali akasema, "anatumia met..." halafu mvua, mvua, mvua, "...mia tano, asubuhi na jioni, tangu mwaka juzi."

Nikarudisha. Met, mvua. Nikarudisha mara sita. Mama yuko nje kwenye benchi, mjukuu anachungulia dirishani kwangu kila dakika. Nikampigia shoga.

"Nina 'met', mia tano, asubuhi na jioni. Mgonjwa ana kidonda mguuni."

"Kidonda? Kinanuka?"

"Wamesema kinanuka."

"Metronidazoli. Flagyl hiyo, huku kwetu kila mwenye kidonda kinachonuka anaandikiwa."

Nami nilikuwa nimefikiria hivyohivyo. Wawili tumekubaliana, nani wa kutupinga? Nikachapa metronidazoli, nikatoa karatasi, nikampelekea Dokta. Miwani yake ilikuwa juu kwenye paji la uso na mgonjwa mwingine alishakaa mbele yake. Akatia sahihi bila kusoma. Mama akapewa barua, akafunga kanga yake vizuri, wakaondoka na mjukuu chini ya mwavuli mmoja.

Robo saa haijaisha, simu inaita. Shoga.

"Hivi we, ile dawa, ulisema ameanza lini?"

Sikuwa nimemwambia. Nikaangalia. "Tangu mwaka juzi."

Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Nani anakunywa Flagyl miaka miwili?"

Jamani, kuna baridi inayoanzia tumboni. Kisukari! Mtu ana kisukari, anakunywa dawa kila siku asubuhi na jioni mwaka wa pili huu, inaanza na "met". Metfomini. Hata mimi nilikuwa nayo kwenye daftari, ukurasa wa tatu, imepigiwa mstari kwa peni nyekundu. Sentensi nzima ilikuwa inanipigia kelele jina la dawa, mimi nikaziba masikio nikabaki natafuta herufi.

Ndipo nikatoka mbio. Kandambili moja ikabaki kwenye tope. Nilipofika kituoni daladala ilikuwa imewasha injini, konda ananing'inia mlangoni anaita "Kibamba, Mbezi!" Nikapiga bodi kwa kiganja. Yule mama alikuwa kiti cha nyuma, barua kaiweka kifuani ndani ya mfuko wa nailoni isilowane. Kaitunza ile karatasi kama hati ya shamba. Nikamwomba anirudishie, kuna neno nimekosea. Akaniuliza, "Neno kubwa, mwanangu?" Nikasema kubwa. Konda akalalamika, abiria wawili wakanisonya, mama na mjukuu wakashuka.

Sasa ilibidi nigonge ule mlango. Nikagonga. Nikamwambia Dokta yote, mpaka la mvua, mpaka la Kisarawe. Akashusha miwani, akaisoma barua yake kwa mara ya kwanza. Akakaa kimya muda mrefu.

"Wangepokea mgonjwa wa kisukari," akasema, "barua yake haionyeshi dawa ya sukari hata moja. Na wangekuta Flagyl ya miaka miwili. Wangeuliza ni daktari gani huyo." Halafu akaongeza, "Na mimi nimetia sahihi."

Nilitegemea kufukuzwa kazi. Badala yake akachukua karatasi, akaandika kwa ule mkono wake uliochoka: metFOMINI, metroNIDAZOLI. Akaniambia huko Marekani wana mtindo wa kuandika hivyo majina yanayofanana, kipande kinachotofautisha kinawekwa kwa herufi kubwa ili jicho likwame hapo. Na haya mawili yamo kwenye orodha yao. Kumbe kosa letu la Maili Moja lina wenzake duniani! Niliona nafuu kidogo, nikaona na aibu kwa kuona nafuu.

Tukapatana mambo. Yeye akitaja dawa aseme ni ya nini, karanga zisubiri. Mimi nisiposikia niache nafasi wazi, nipige mstari, nimpelekee hivyohivyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba wale wachapaji wa Marekani ndiyo desturi yao, kuacha nafasi na kuweka alama, hakuna kujaza kwa kubahatisha. Sie tulikuwa tunaona nafasi wazi ni kama kukiri kwamba hatujasoma. Sisemi Dokta alibadilika kuwa malaika. Mara nyingi nilipomwekea barua yenye mistari aliguna, na siku moja aliniuliza kama masikio yangu yana nta. Lakini alikuwa anajaza.

Shoga yangu hatukuacha kupigiana. Ila sasa tulikuwa tunasomeana sentensi nzima, na mwenzako akishakutajia jina, unaandika majina yote mawili au matatu pembeni kwa penseli, unakwenda nayo kwa daktari achague.

Wiki yangu ya mwisho pale zahanati alinipigia saa nne asubuhi. Daktari wake wa mbio za mpira alikuwa amesema "kaba", halafu pikipiki ikapita.

"Zipo mbili," nikamwambia. "Kabamazepini ya kifafa, na kabimazoli ya tezi la shingo. Sentensi inasemaje?"

"Sentensi imekatika hapohapo. We unaonaje?"

"Mie sioni kitu. Kagonge."

"Ana wagonjwa wamejaa mpaka nje. Atanifokea."

"Kagonge."

Nikasikia kiti kinasogezwa, viatu vyake kwenye sakafu, halafu simu ikakatika. Nilikaa naiangalia ile simu, chai ikapoa. Baada ya dakika kama kumi ukaingia ujumbe wa neno moja:

"Kifafa."