ULIZA KWANZA, NDIPO UBEBE

Leo nakusimulia kosa langu. Mwenye kisa ameniruhusu nikiandike bila jina lake.

Baba yangu alipolala alituachia ploti ndogo huku Kayole, na kodi nakusanya mimi. Chumba cha mwisho anaishi mama mmoja ambaye hajawahi kuchelewesha kodi. Lakini chumba chake kilikuwa kimejaa: chupa za plastiki, katoni, magazeti, nguo kuukuu, sufuria zilizotoboka. Alilala ukingoni mwa kitanda. Magunia yakatoka mpaka kwenye korido. Majirani wakanijia: panya wanahamia kwetu, watoto wanajikwaa, na stovu yake iko katikati ya makaratasi. Walisema kweli. Ploti zetu zina lango moja tu la kutokea. Moto ukianza kwake, hauishii kwake.

Nilimhubiria Kutoka 16, ile mana iliyowekwa mpaka asubuhi ikaota mabuu. Neno ni la kweli, lakini nililishika kama fimbo. Akajibu, "Amina, Pasta," kisha akaongeza katoni.

Jumamosi moja alipokwenda Gikomba, nikafungua kwa ufunguo wa akiba. Mimi na vijana wawili wa kanisa tukatoa magunia 14. Mkokoteni ulikwenda jalalani mara tatu.

Jioni akarudi. Hakupiga kelele. Aliketi langoni akauliza, "Pasta, lile sanduku la bati liko wapi?" Ndani mlikuwa na kitambulisho cha marehemu mumewe na kadi ya kliniki ya mtoto aliyemzika. Tulirudi jalalani na tochi. Hatukulipata.

Baada ya miezi miwili chumba kilikuwa kimejaa kuliko mwanzo.

Nilipokwenda kuomba msamaha ndipo akanisimulia. Mei 1990 alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni, akiishi Muoroto, siku vibanda vilipobomolewa. Alitoka na mtoto na sufuria moja. "Tangu siku ile, kitu changu kikitolewa na mtu mwingine, nasikia tingatinga." Nikanyamaza, kwa sababu safari hii tingatinga lilikuwa mimi.

Baadaye nikajifunza mambo mawili. Kwanza, kukusanya vitu namna hii kunaweza kuwa ugonjwa. Umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Si uvivu, na si kila mara ni pepo. Pili, kumiliki nyumba hakukupi ruhusa ya kuingia chumba cha mpangaji na kutupa mali yake.

Kisha Roho Mtakatifu akanirudisha Yohana 5. Mtu yule alikuwa mgonjwa miaka 38. Yesu alijua hali yake na alikuwa na uwezo wote, lakini kwanza alimuuliza kama anataka kuwa mzima. Mimi sikuuliza.

Basi tukaanza upya. Kila Alhamisi shemasi mmoja wa kike huketi naye, gunia moja tu. Mama mwenyewe huamua: hiki kibaki, hiki kiuzwe kwa wanunuzi wa plastiki, hiki kitupwe. Tulianza na stovu, kisha njia ya kutoka kitandani mpaka mlangoni. Korido tulikubaliana ibaki wazi kabisa, maana majirani nao ni watu wa Mungu, na upendo hauwachomi wengine. Pia anaonana na mshauri nasaha.

Chumba hakijaisha. Kuna Alhamisi gunia hurudi ndani lilivyotoka. Lakini njia ipo, na panya wamepungua. Sanduku la bati halitarudi, na hilo nitalibeba.

Mpendwa, huenda huna ploti. Lakini kuna mtu ambaye chumba chake, au maisha yake, unatamani kuyasafisha kwa siku moja. Labda ni mama yako mzee, ni kaka yako, ni jirani. Kama kuna hatari ya moto, usinyamaze. Ila usiingie na mkokoteni kabla hujaketi na kuuliza.

TUOMBE: Baba, nisamehe pale nilipoita haraka yangu bidii yako. Nipe subira ya gunia moja kwa wiki. Mponye anayeogopa kupoteza tena. Katika jina la Yesu.

Kama kuna mtu Mungu amekukumbusha leo, sema AMINA, kisha umpigie simu. Mbarikiwe.