Kabla ya Kumwita Mtu Mwizi

Ndugu msomaji, kama umewahi kupotelewa na fedha ndani ya nyumba yako mwenyewe, bila shaka unajua jinsi moyo unavyowahi kumpata mwizi kabla macho hayajamaliza kuitafuta bahasha. Jambo hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, ingawa nitaanzia mbali kidogo, katika mchezo wa televisheni wa Waingereza uitwao Sherlock, ambao mimi, mke wangu na watoto tuliuangalia kwa jioni kadhaa.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa na BBC mwezi Julai 2010, ukaendelea hadi mwaka 2017. Asili yake ni hadithi za Arthur Conan Doyle, daktari aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1859, ambaye hadithi yake ya kwanza ya mpelelezi Sherlock Holmes ilitoka mwaka 1887. Watungaji wa mchezo, Steven Moffat na Mark Gatiss, wamemtoa Holmes katika London ya magari ya farasi na taa za gesi, wakamweka katika London ya teksi na simu za mkononi. Mtaa ni ule ule wa Baker Street, na Daktari Watson ni yule yule aliyerudi na jeraha kutoka vita vya Afghanistan. Inasikitisha kwamba, baada ya miaka zaidi ya mia moja, haikuwapo haja hata ya kubadili jina la nchi ya vita hivyo.

Nakiri kwamba niliketi kuuangalia kwa shaka. Sisi tuliokulia katika vitabu vya marehemu Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, tuliomjua Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum tangu Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, tunaamini kwamba mpelelezi ni mtu wa kusomwa taratibu, si wa kukimbizwa kwenye kioo. Lakini sehemu ya kwanza tu ilinifanya niinuke kitini.

Katika hadithi ya mwaka 1887, maiti anakutwa katika nyumba tupu, na ukutani pameandikwa kwa damu neno RACHE. Ofisa wa polisi anadhani kwamba mwandishi alitaka kuandika jina la mwanamke, Rachel, akakatizwa. Holmes anamsahihisha: hilo ni neno la Kijerumani, maana yake ni kisasi. Katika mchezo wa televisheni neno ni hilo hilo, ila limekwaruzwa sakafuni kwa kucha za mwanamke anayekufa. Safari hii mtu wa polisi ndiye anayewahi kusema kwamba ni Kijerumani, ni kisasi. Naye Holmes anamkatalia. Marehemu alikuwa akiandika Rachel, jina la mtoto wake aliyezaliwa akiwa amekufa, na jina hilo ndilo lililokuwa neno la siri la kuipata simu yake iliyopotea.

Tafakari, ndugu msomaji. Herufi ni zile zile tano. Aliyekuja na jibu alilolikariri mahali pengine alikosea. Aliyetazama kilichokuwa mbele yake alipata.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binti mmoja aliyekuwa akitusaidia kazi nyumbani. Siku moja bahasha yenye kodi ya nyumba ya miezi mitatu ilitoweka kabatini. Mimi sikuhitaji mpelelezi. Yeye ndiye aliyefagia chumba. Wiki ile ile alikuwa na doti mpya ya kanga. Na nilipomwuliza, alilia. Nikajiambia kwamba asiye na hatia halii. Ushahidi wangu ulikuwa wa mambo matatu, na kila moja lilikuwa kweli. Nikampeleka stendi asubuhi yake, nikamkatia tiketi ya kwao, na mshahara wake wa mwezi nikauzuia.

Baada ya wiki tatu, mke wangu alifungua mtoto wa meza ya cherehani akitafuta uzi. Bahasha ilikuwamo. Niliiweka humo kwa mikono yangu siku fundi alipokuja kutengeneza dari, nikasahau. Kanga zile, kama tulivyokuja kuambiwa na majirani, alizinunua kwa fedha za upatu aliokuwa akicheza na wasichana wenzake. Na machozi? Machozi yalikuwa ya mtu aliyeitwa mwizi.

Nilisafiri mpaka kwao. Mama yake alinikaribisha kiti, akapokea mshahara ule na nyongeza niliyoongeza, akanishukuru kwa kuja. Nilipomwomba binti arudi, alinijibu kwa upole kwamba mtoto wake amekwisha kupumzika na kazi za mjini. Sikuwa na la kusema.

Katika sehemu ile ile ya mchezo liko jambo jingine ambalo wanangu walilicheka, mimi nikanyamaza. Holmes anaichukua simu ya Watson, anaona mikwaruzo pembeni ya tundu la kuchajia, anasema mwenye simu wa kwanza ni mlevi ambaye mikono yake hutetemeka. Yote hayo yanatoka katika hadithi ya mwaka 1890, ambamo ilikuwa saa ya mfukoni. Mwisho anasema mlevi huyo, Harry, ni kaka wa Watson. Kumbe Harry ni Harriet, ni dada! Bingwa amepata karibu yote, akakosea moja. Mtu mwenye akili kupita wote mjini hakuwa na hakika ya kutosha. Mimi niliyesahau bahasha yangu mwenyewe nilikuwa na hakika kamili.

Conan Doyle naye aliiishi kazi aliyoiandika. Mwaka 1903 mwanasheria kijana, George Edalji, ambaye baba yake alikuwa mchungaji mwenye asili ya India, alifungwa kwa kosa la kumjeruhi mnyama malishoni usiku wa giza. Doyle alipokutana naye alimwona akisoma gazeti huku amelisogeza karibu kabisa na macho. Kwa kuwa aliwahi kujifunza utabibu wa macho, alitambua kwamba mtu yule asingeweza kuvuka mashamba gizani kufanya tendo lile. Akaandika, akapigania, na mwaka 1907 Edalji akasamehewa. Lakini miaka mitatu aliyokaa gerezani hakulipwa fidia hata kidogo.

Ndugu msomaji, sisi hatuna majaji sebuleni. Baba au mama ndiye polisi, ndiye shahidi na ndiye hakimu, na anayeshtakiwa aghalabu ni yule asiye na wa kumtetea. Kwa hiyo nyumbani kwetu sasa ipo desturi: kitu kikipotea, kila mtu hupekua kwanza mahali pake mwenyewe, nami huanzia kwenye meza ya cherehani.