Safari ya Ghafla Hadi Msitu wa Amani



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, mwaka huu tuliombwa tuandike juu ya safari. Wengi watasimulia Umra au ziara ya Zanzibar. Sisi tunayo ya siku moja tu, kutoka Tanga mjini hadi milima ya Usambara Mashariki, wala haikupangwa.

Mama yetu alikuwa amemaliza eda wiki ile, miezi minne na siku kumi tangu baba afariki. Eda ilikwisha lakini mama hakutoka. Alikaa chumbani, chakula anakionja na kukirudisha, akiulizwa neno anajibu "sawa" basi. Sisi wanawe watatu tulikuwa na hofu ambayo hakuna aliyetaka kuitamka mbele ya mwenzake.

Alhamisi moja ya likizo ya Juni, madrasa imefungwa, tulikuwa tunakunywa chai. Mama akasema, bila kuulizwa, "Sijui kama Amani bado kuna baridi." Alizaliwa huko juu, kwenye makambi ya mashamba ya chai, na huko ndiko baba alikomkuta. Tulitazamana. Ndugu yetu mkubwa akainuka akaenda kuazima Noah ya shemeji.

Shangazi hakupendezwa. Alisema watu watasema, hata udongo wa kaburi haujakauka. Tulimjibu kwa adabu kwamba mjane katika eda ndiye anayezuiwa matembezi, na eda imekwisha. Shangazi ni mkubwa wetu, hatukutaka kumvunjia heshima. Mama mwenyewe ndiye aliyemaliza maneno: alitoka amekwishajifunga buibui, mkobani ana kanga ya akiba na chupa ya chai.

Tukapita Pongwe na mashamba ya mkonge mpaka Muheza, na pale lami tukaiacha. Njia ya vumbi ilitupa pancha moja na watoto wawili kutapika. Kwenye geti la Zigi tulilipa kiingilio. Pale lipo jengo la zamani la stesheni, maana Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi Zigi kwa ajili ya mbao. Huko juu Amani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia. Baadhi imekuwa mgeni asiyeaga: musizi umesambaa ukaingia hadi ndani ya msitu wa asili. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997.

Mwongozaji alituonesha kiua cha zambarau kwenye jiwe lenye unyevu, kidogo kama kifungo. Ukoo wake ulipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Tanga, na mwaka 1893 ukapewa jina la Saintpaulia. Leo unauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya, na sisi jirani zake wa Tanga wengi hatujauona!

Lakini lililotushika zaidi ni maji. Vijito vya milima hii vinakusanyika kuwa mto Zigi, mto unateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji yanasafishwa na kuletwa mjini. Mtoto wetu wa darasa la nne akauliza, "Kwa hiyo maji ya birika la madrasa yanatoka hapa?" Naam, yanatoka hapa. Ndiyo maana watu wa huku wanakatazwa kukata miti ovyo, hata kwa kupanda iliki, na sisi wa mjini tunafungua bomba tu. Ni vizuri mkijua, nyinyi mnaoacha bomba wazi mkipiga soga wakati wa kutawadha.

Adhuhuri ikaingia. Mmoja wa vijana akauliza kama tunapunguza sala. Tulimwambia apige hesabu mwenyewe. Masafa kwa Kishafi ni kilomita 80 na ushee, na kutoka nyumbani hadi pale hayafiki. Tukasali rakaa 4 kamili juu ya mikeka. Mama alitawadha kijitoni, maji baridi mpaka vidole vikafa ganzi, akakataa kusaidiwa.

Baada ya sala mjukuu akaja mbio na kijiti, juu yake kinyonga. Wanawake wakapiga kelele. Mama akamtazama yule mdudu, kisha akasema, "Babu yenu alikuwa akimwona huyu anapanda mezani." Kimya. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi machozi, na machozi yale yakageuka yakawa kilio chenyewe. Hatukumnyamazisha. Tulikaa naye. Akaanza kusimulia jinsi baba, fundi wa mashine kiwandani, mtu asiyeogopa moto wala mvuke, alivyoikimbia njia nzima ya mkato kwa ajili ya kinyonga, na yeye binti wa watu akimwangalia kwa mbali na kapu la chai mgongoni. Hadithi hiyo hatukuwahi kuisikia.

Tuliondoka baada ya Alasiri, ukungu umekwishaanza kushuka. Muheza mama akaamuru gari lisimame, akashuka mwenyewe, akabishana bei ya machungwa mpaka muuzaji akasalimu amri. Alikula mawili njiani. Kabla ya Pongwe akaomba kisu amenye la tatu.