Kutoka kwa Nkambo hadi Darasani: Mafunzo ya Maisha kwa Vijana wa Kamina

Katika mji wa Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami tangu mikoa ya Kongo ilipogawanywa upya mwaka 2015, jukumu la kumfundisha kijana kuishi na nafsi yake na kuishi na wenzake limepita mikononi mwa walezi wa aina nyingi kabla ya kufika darasani. Wataalamu wa elimu huyaita mafunzo hayo stadi za maisha, yaani uwezo wa kujitambua, kuitawala hasira na hofu, kuuelewa uchungu wa mwingine, kukataa jambo baya bila kuzua ugomvi, na kuamua baada ya kupima matokeo. Kumbukumbu hizi, zilizoandikwa na mtu aliyesoma na baadaye kufundisha katika mji huo, zinafuata safari ya jukumu hilo na kuonyesha kwamba kila utaratibu mpya ulileta neema yake, lakini njiani kilipotea kitu ambacho kijana hawezi kukikosa, nacho ni mtu mzima wa kumsikiliza.

Miongoni mwa Baluba wa Katanga, mkoa mkubwa ambao Kamina ilikuwa sehemu yake kabla ya mgawanyo huo, mafunzo ya utu uzima yalikuwa na mahali pake na wakati wake. Wasichana waliingia katika butanda, unyago ambamo wanawake wazima waliwaandaa kwa ndoa na uzazi, na wavulana walipita katika mukanda, jando lililoambatana na kutahiriwa pamoja na mafundisho ya uvumilivu na heshima. Nje ya taratibu hizo alikuwapo nkambo, yaani babu au bibi, ambaye mjukuu aliweza kumweleza lile asilothubutu kumweleza baba yake, kwa sababu mila iliweka woga kati ya mzazi na mtoto, na utani kati ya nkambo na mjukuu. Si haki kuyapamba mambo hayo kupita kiasi, kwani msichana aliandaliwa kuwa mke hata kabla hajaulizwa kama anataka, na kijana aliyehoji alionekana mkosefu wa adabu. Hata hivyo, hakuna aliyeachwa avuke ujana peke yake.

Reli iliibadili hali hiyo. Kamina ilikua kama njia panda ya treni za kampuni ya BCK, mahali ambapo njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Kasai inakutana na ile inayoelekea Kabalo, na kazi za reli zikavuta familia za makabila mengi ambazo wazee wao walibaki vijijini. Malezi ambayo nkambo aliyatoa jioni yakahamia kwenye shule za misheni, za Wakatoliki na za Wamethodisti, ambako mema na mabaya yalifundishwa kwa kukariri katekisimu na kusimuliwa habari za Biblia. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi miaka mingi kati ya Baluba, alitetea katika kitabu chake cha mwaka 1945 kwamba watu hao walikuwa na falsafa yao kamili kuhusu mwanadamu; lakini katika madarasa mengi hekima hiyo haikupewa kiti, na mwanafunzi akajifunza kuwa mambo ya nyumbani hayana nafasi shuleni.

Kisha ukaja wakati ambapo Kongo iliitwa Zaire. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule za makanisa, somo la dini likaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na elimu ya uraia iliyofuata mafundisho ya MPR, chama tawala, hadi mkataba wa mwaka 1977 uliporudisha usimamizi wa shule kwa makanisa. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliosimama asubuhi mbele ya bendera, wakaimba nyimbo za chama, na kutoka pamoja kwenda salongo, yaani kazi za lazima za umma. Walijifunza kuheshimu saa na kushirikiana katika kazi, na mafunzo hayo yana thamani hadi leo. Lakini kijana alifunzwa kutii, hakufunzwa kuamua, na lililomsumbua moyoni halikuwa na kipindi katika ratiba.

Mabadiliko makubwa hayakuletwa na mtaala bali na mateso. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, stesheni za reli zilijaa familia zilizokuwa zikisubiri treni, na wanafunzi wa Kamina wakaona wenzao waliokaa nao dawati moja wakiondoka kwa sababu ya ukoo waliozaliwa ndani yake. Vita vya 1998 hadi 2003, pamoja na ghasia za wanamgambo wa Mai-Mai zilizoendelea kaskazini mwa Katanga hata baada ya hapo, vilileta wakimbizi wa ndani, na darasani wakaketi vijana waliokuwa wameona mambo yasiyosemeka. Walimu waliozoea kumwita mtukutu kila anayepigana, na mvivu kila anayekaa kimya, walianza kutambua kwamba wengi wa vijana hao walikuwa na jeraha la moyo, yaani hofu na huzuni vinavyobaki baada ya tukio la kutisha na kumnyima mtu usingizi na usikivu. Makanisa yalitangulia katika kuliona hilo, na juhudi za Wamethodisti wa Kamina chini ya Askofu Ntambo Nkulu Ntanda, za kuwapokea waliokimbia na kuzungumza na waliobeba silaha, zimeelezwa katika kitabu ambacho Pamela Couture alikitoa mwaka 2016. Fimbo haikutoweka shuleni, lakini kwa mara ya kwanza walimu wengi walianza kuuliza kabla ya kuhukumu.

Wakati huohuo dunia ilikuwa imeanza kuyapa mambo haya utaratibu. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilieleza stadi kumi za msingi, miongoni mwake kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kujitambua, kuhisi pamoja na mwingine, na kukabili hisia na msongo wa mawazo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la IRC liliwafunza walimu wa shule za msingi katika Katanga kwa mpango wa madarasa ya uponyaji, unaounganisha kusoma na kuhesabu na malezi ya hisia. Katika shule za sekondari limekuwapo somo linaloitwa kwa Kifaransa Éducation à la vie, yaani elimu ya maisha, ambalo huzungumzia mwili, familia, magonjwa na mahusiano. Sheria nazo zimempa mwalimu pa kuegemea: Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, lakini sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ilipiga marufuku ndoa ya mtoto, na marekebisho ya mwaka 2016 yakaweka miaka 18 kwa wote, mvulana na msichana.

Somo hilo la elimu ya maisha likifundishwa vizuri huwa halifanani na hotuba. Mwalimu hutoa kisa, kwa mfano cha msichana anayelipiwa karo na mwanamume mkubwa anayetaka malipo ya aina nyingine, na wanafunzi huigiza namna ya kukataa, namna ya kumweleza mzazi, na namna ya kumsaidia mwenzao bila kumwaibisha. Yule asiyethubutu kusema huandika swali lake na kulitia katika sanduku bila jina. Kwa njia hiyo mwalimu hurudisha kazi ya nkambo, ila safari hii msichana huulizwa anataka nini.

Vizuizi bado ni vizito. Somo hili limewekwa katika kundi la masomo yenye alama chache zaidi kwenye taarifa ya mwanafunzi, hivyo mitihani ikikaribia kipindi chake hupewa hisabati. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kifaransa, ilhali kijana wa Kamina huomboleza, hukasirika na kuomba msamaha kwa Kiluba au Kiswahili, na si rahisi kuieleza hofu yako kwa lugha unayoogopa kukosea. Kazi iliyofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kupitia mradi wa ALiVE, ambao mwaka 2022 ulipima stadi za vijana wa miaka 13 hadi 17, imeonyesha kwamba mambo haya yanaweza kupimwa kwa vipimo vilivyobuniwa na watu wa Afrika Mashariki wenyewe, wala hakuna sababu ya Haut-Lomami kubaki nyuma.

Kwa hiyo wakuu wa shule, makanisa na wazazi wa Kamina wanaombwa mambo matatu: kipindi cha elimu ya maisha kilindwe kama kinavyolindwa kipindi cha hisabati, mwalimu wake afunzwe kusikiliza na aruhusiwe kuzungumza na wanafunzi kwa lugha ya nyumbani kwao, na wazee waalikwe darasani ili wayalete yaliyo mema katika mafundisho ya zamani na kusikia yale ambayo vijana wa leo hawayakubali tena. Mji uliopitia yote haya hauwezi kuwaachia vijana wake wajifunze kuishi kwa kubahatisha.