Siku mtoto alipochagua simu

Nilipokuwa masomoni China, rafiki yangu wa darasani alinialika nyumbani kwa dada yake mjini Nanjing. Mtoto wa dada huyo alikuwa anatimiza mwaka mmoja. Nikanunua mdoli, nikajua naenda kula keki na kuimba. Keki ilikuwepo kweli, lakini haikuwa ndiyo shughuli yenyewe.

Tulianza na tambi ndefu. Bibi wa mtoto aliniomba, rafiki yangu akitafsiri, nisizikate kwa meno hovyo, maana urefu wa tambi ni dua ya maisha marefu. Kando kulikuwa na mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, rangi ya heri kwao. Mtoto alivaa viatu vya kitambaa vilivyoshonwa uso wa chui milia, mnyama ambaye wazee wao waliamini anafukuza mabaya. Shingoni alikuwa na kidani cha fedha chenye umbo la kufuli, ishara ya kuyafunga maisha yake yasimtoke.

Niliposikia maneno hayo nilinyamaza. Kwa desturi yao mtoto husherehekewa anapotimiza mwezi, kisha siku 100, kisha mwaka. Zamani watoto wengi walikufa wachanga, hivyo kila hatua iliyovukwa ilikuwa ya kushukuru. Nikakumbuka arobaini zetu. Hofu ya mzazi ni ileile.

Baada ya chakula ikaja yenyewe: zhuazhou. Maana yake ni kama kusema "kushika siku ya kutimiza mwaka". Walitandika kitambaa chekundu sakafuni, wakapanga vitu: brashi ya kuandikia, kitabu, abakasi, rula, muhuri, kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo, na hata kitunguu majani, kwa sababu jina lake kwa Kichina linatamkwa kama neno la akili. Sarafu bibi alizitoa, akaweka noti. "Atameza," alisema. Nikampenda hapohapo.

Mtoto anawekwa katikati, anaachwa achague. Atakachoshika kinasemekana kuashiria atakavyokuwa. Baba alikuwa amechuchumaa mbele akirekodi, mama akisukuma kitabu karibu kwa kidole cha mguu.

Mtoto akatambaa juu ya kitabu, akapita abakasi, akaishika simu ya baba yake kwa mikono miwili.

Tulicheka sana. Bibi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Anashika anachoona tumeshika," alisema, akaenda kutoa vyombo.

Baadaye nilisoma kuhusu mila hiyo. Ni ya kale. Mwanazuoni Yan Zhitui, aliyeishi karne ya 6, aliieleza kwenye kitabu cha mawaidha kwa wanawe kuwa ni desturi ya watu wa kusini mwa mto Yangtze. Wavulana waliwekewa upinde, mshale, karatasi na brashi. Wasichana kisu, rula, sindano na uzi. Yaani mtoto alichagua, lakini mezani paliandaliwa na wakubwa.

Yupo pia mwandishi Qian Zhongshu, aliyezaliwa mwaka 1910 mjini Wuxi. Alipotimiza mwaka alishika kitabu, wakampa jina hilo lenye maana ya mpenda vitabu. Akaja kuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa China. Watu husema mila ilitabiri. Mimi naona jambo jingine: baba yake, Qian Jibo, alikuwa msomi. Katika nyumba ile vitabu mtoto alikuwa akiviona kila siku.

Wiki iliyopita binti yangu ametimiza mwaka, hapa Dar es Salaam. Sikumtandikia kitambaa chekundu. Nilijua atashika nini.

Siku chache kabla, nikiwa nimekaa sebuleni najibu ujumbe wa mhariri, dada anayenisaidia kazi aliita: "Mama, mwone, anatembea!" Nilipoinua kichwa mtoto alikuwa ameshakaa chini. Hatua zake mbili za kwanza zilimwona dada, si mimi. Kisha akatambaa hadi kwangu, akanyoosha mkono kwenye simu.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Najua kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kabisa kumkalisha mtoto wa mwaka mmoja mbele ya skrini, na kwa wa miaka miwili unasema isizidi saa moja kwa siku. Nimewaandikia wasomaji hayo. Lakini mwongozo unazungumzia skrini ya mtoto. Bibi wa Nanjing aliizungumzia ya kwangu.

Mzazi mwenzangu, sikuambii utupe simu. Huenda hata haya unayasomea humo. Mimi nimeanza na dogo: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi mtoto alale, simu inakaa juu ya kabati.

Juzi mhariri alipiga mara mbili. Nilimrudia saa tatu usiku. Hakugomba. Na saa moja na nusu, binti yangu alikuwa ametembea hatua nne kutoka kwenye kochi, na nilizihesabu zote.