Mchuzi wa Mama

Kwetu Pangani, enzi za ujana wangu, mwanamume mzima hakukalia mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa ya wanawake na watoto, na kijana aliyeonekana ameikalia alitaniwa hadi msikitini. Mimi niliikalia likizo ya Desemba mwaka 1972, nikiwa na miaka 22, mwanachuo wa ualimu Korogwe, tena uani mchana kweupe.

Sababu ilikuwa macho ya mama. Baba alikuwa ameshafariki, dada zangu wawili wameolewa, na mama alibaki peke yake na ukungu machoni. Siku ya pili ya likizo alipika mchuzi wake wa samaki, ule ambao majirani walikuwa wakija kuuombea kibakuli, nao ukakatika: mafuta juu, maji chini. Mimi nilikula kimya. Yeye alionja, akaweka bakuli chini, akasema, "Huu si wangu."

Kesho yake aliniita. "Baba, njoo uniazime macho."

Nilikuja na daftari. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba kila somo lina andalio lake: lengo, vifaa, hatua na tathmini. Nikamwuliza nazi ngapi, maji kiasi gani, dakika ngapi. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Nazi ngapi? Wewe umezionaje zenyewe?" Nazi iliyokomaa sawasawa hutoa tui zito, changa hutoa maji matupu, mbili za leo huenda zikawa tatu za kesho. Daftari nililiweka juu ya kinu, na huko likapata madoa ya manjano ambayo hayajatoka hadi leo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Changu alipakwa chumvi na ndimu, akakaangwa kidogo tu ili asivunjike. Nazi ikakunwa, ikakamuliwa kwa kifumbu, na kasimile, lile tui la kwanza, likawekwa kando. Tui jepesi ndilo lililotangulia chunguni pamoja na kitunguu, nyanya, saumu, manjano na embe bichi kutoka kwenye mwembe wetu wa uani. Ukali wa embe lazima uive humo kwanza. Ukiuchelewesha ukakutana na kasimile, tui hukatika. Samaki akafuata, kisha kasimile mwisho, moto ukiwa umepunguzwa kuni, na mkono hautoki kwenye upawa.

Mimi nilikuwa nikimweleza ninachokiona, naye alikuwa akisikiliza chungu. Tui jepesi huchemka kwa kelele. Ukitia kasimile chungu hunyamaza, halafu huanza kunong'ona. "Sasa, epua," alisema, na mimi nilikuwa bado sijaona povu hata moja ukingoni. Mara mbili nilimpinga nikangoja nione kwa macho yangu, na mara zote mbili tui likakatika. Hakunikaripia. "Nazi zipo," alisema. Nami katika mazoezi ya kufundisha nilikuwa nimekwisha kumwita mtoto wa watu mzito wa akili kwa kosa dogo kuliko hilo.

Siku ya tatu au ya nne aliniuliza tui limekuwa rangi gani. Chungu kilikuwa mbele yake, hakifiki urefu wa mkono. Hapo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kwa kupenda.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na darasa la mtaa wetu lilikaa chini ya mwembe ule ule. Mama alihudhuria kila jioni. Wenzake wakaanza kuandika majina yao, yeye hakuvuka herufi tatu. Nilipokuja likizo nilijitia kumfundisha mwenyewe. Siku ya pili nilimpandishia sauti, siku ya tatu sikutokea, naye akaacha kwenda darasani. Sote tulikubaliana kwamba kisomo hakikumwingia.

"Mama," nikamwuliza nikiwa na upawa mkononi, "kule darasani ulikuwa ukiona ubao?"

"Ubao niliuona. Maandishi ndiyo sikuyaona."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani watu wote wanaona vile."

Tui lilikatika siku ile pia, maana niliacha kukoroga.

Sikuwa nimelisikia bado jina la mtoto wa jicho, wala kwamba huondolewa kwa upasuaji usiofika saa moja. Mama alifariki mwaka 1983, bila kuandika jina lake. Kabla ya hapo nilimpikia mara nyingi, na mwaka wa mwisho alikula akaomba aongezewe, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mpishi mwingine.

Mwaka 1986 nilitaka nafasi ya vyumba viwili vya bati uani. Nilimlipa mtu wa msumeno, mwembe ukaanguka, mbao nikauza. Sikuwaza mchuzi hata kidogo. Nimejaribu maembe mabichi ya sokoni, nimejaribu ukwaju, nimejaribu ndimu. Dada yangu mkubwa akija huonja kijiko kimoja, akanyamaza kidogo. Kisha husema, "Tui lako zuri, kaka," akaomba wali.